Ngeli ya Kifagio

Katika tamthilia ya Ng'ambo ya Jua, Kifagio ni mashine ya kula uchafu. Kina umbo la pipa, hakina macho, na kazi yake ndani ya chombo cha anga ni kufyonza kila kinachotoka kwenye miili ya wanaanga kumi na wawili: nywele, kucha, makohozi, matapishi, usaha wa yule muuguzi aliyeoza mguu katika sehemu ya tatu. Kikishiba hukoroma, halafu hutema tonge la kijani linalong'aa, na tonge hilo huwekwa kwenye vitalu vya mboga. Mboga hizo huliwa. Bi Ngeli alipoitazama tamthilia hiyo kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya kazi, alisogeza sahani yake pembeni na hakuirudia.

Bi Ngeli halikuwa jina lake. Alipewa na waingiza sauti wa studio ile, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa mhariri wa lugha, na hapakuwa na mtu aliyewahi kusema "gari imezima" badala ya "gari limezima" mbele yake akatoka salama. Studio ilikuwa ikizitia sauti za Kiswahili tamthilia zilizotoka nje. Ilikuwa na vyumba vinne, zulia lililonuka soksi, na fundi sauti aliyekitengenezea Kifagio mkoromo wake kwa kufyonza ndizi zilizooza kupitia mpira wa kumwagilia bustani. Kazi hiyo aliifanya mbele za watu, bila haya.

Skripti zilikuja zikiwa na safu mbili. Kushoto maneno ya asili, kulia Kiswahili cha mtafsiri. Na Bi Ngeli alikuwa na desturi aliyojivunia: kabla ya kushika kalamu nyekundu, aliikunja kila karatasi katikati kwa urefu, akapitisha ukucha juu ya kunjo, ili safu ya kushoto ilale chini asiione. Alisema mtu anayesoma lugha mbili kwa pamoja huishia kuandika ya tatu isiyo na wenyewe. Kazi yake ilikuwa Kiswahili kilichokuwa mbele ya macho yake, basi.

Jumapili moja mchana mpwa wake, binti wa mdogo wake, alimjia nyumbani akiwa bado na koti jeupe la duka la dawa alikofanya kazi.

"Mama mkubwa, keti."

"Nimeketi."

"Basi keti zaidi. Kifagio kimeshinda!"

"Kimeshinda nini? Kimekula zulia?"

Mpwa alikuwa katibu wa chama cha mashabiki waliojiita Wa Pembeni. Walikuwa watu sabini na wachache, wengi wao wenye kazi zao na akili zao timamu, nao walikutana kila baada ya miezi mitatu kuwaenzi wahusika ambao hakuna aliyewatilia maanani. Katika mkutano uliopita walimpa taji mpishi wa chombo, ambaye msimu mzima alitamka maneno sita.

"Nahodha anashangiliwa na kila mtu," mpwa alisema. "Na nahodha ana nini? Ana taya tu. Sisi tunawatazama wale ambao kamera inawapita kama haijawaona. Safari hii kura zote kwa Kifagio. Unajua kwa nini? Kwa sababu yenu!"

"Yetu nani?"

"Studio yenu, mama mkubwa. Sehemu ya kumi na moja. Kifagio kimekwama mlangoni, tumbo limejaa, injinia anakipiga teke. Nahodha anamdaka mkono, anamwambia, 'Amechoka. Mwache.' Amechoka! Sehemu kumi nzima ni kimefika, kimemwaga, kitoeni hapa. Halafu ghafla a-. Na kuanzia hapo hakuna tena anayekiita ki-. Nililia mpaka jirani akagonga ukuta akiuliza kama kuna msiba."

Bi Ngeli aliliangalia koti lake jeupe. Kwenye mfuko wa kifua palikuwa na doa la dawa ya kikohozi iliyoganda, na mpwa alikuwa akilikwaruza kwa ukucha huku machozi yakimlengalenga kwa ajili ya pipa.

"Hilo ni kosa," Bi Ngeli alisema.

"Kosa lipi?"

"La ngeli. Kifagio ni ki-vi. Kingekuwa kiumbe kingechukua a-, kama kiboko, kama kipofu. Si kiumbe. Mtafsiri alikosea mara kumi na nne katika sehemu hiyo moja. Nilihesabu mwenyewe. Mashabiki wako wamelilia uzembe."

Mpwa aliacha kulikwaruza doa. "Mara kumi na nne, mama mkubwa? Mtu anakosea mara kumi na nne bila kukosea hata mara moja?"

Swali lilikuwa la kitoto na halikuwa na maana, na Bi Ngeli alilipa jibu lililostahili: alienda kuosha vikombe.

Lakini lilimfuata jikoni. Maana mtafsiri huyo alikuwa ni Mwalimu.

Mwalimu alifundisha shule miaka mingi kabla ya kuja studio, na aliendelea kuvaa kalamu tatu mfukoni na kuwaambia watu wazima waseme "naam". Alitafsiri sehemu kumi za kwanza za Ng'ambo ya Jua bila kumpa Bi Ngeli zaidi ya alama nyekundu mbili au tatu kila moja. Sehemu ya kumi na moja ilirekodiwa haraka haraka, kabla ya kalamu nyekundu, kwa kuwa ratiba ilikuwa imebana. Bi Ngeli alipoisoma siku mbili baadaye, tayari ilikwisha kupelekwa hewani. Alikasirika kwa namna yake, yaani aliandika. Aliandika ripoti ya ukurasa mmoja: makosa ya upatanisho kumi na manne, ya aina moja, yamerushwa. Mkurugenzi, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumpunguza, alimwita Mwalimu saa nne asubuhi na saa nne na robo Mwalimu alikuwa akifungasha. Jina lake lilifutwa pia katika orodha inayopita mwishoni mwa kila sehemu, hata zile kumi ambazo hazikuwa na ila kubwa.

Akiwa anatoka alisimama mlangoni mwa Bi Ngeli, boksi mkononi.

"Kunjua, dada," alisema.

Ni hilo tu. Bi Ngeli alielewa kwamba anaambiwa akunjue uso, au moyo, kwamba anaombwa huruma. Aliona ni jambo la kusikitisha mtu mzima wa aina ile kujishusha hivyo. Akarudi kwenye karatasi zake.

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi alimwita. Alikuwa akijichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, na kila alichokichokonoa alikitazama kwanza kabla ya kukipangusa chini ya meza.

"Bi Ngeli! Mwanamke wa shoka! Umesikia habari za pipa letu?"

"Nimesikia."

"Wenye tamthilia wenyewe huko kwao wamesikia. Wamepigiwa kelele mitandaoni na watu wetu hawa wa pembeni. Wanauliza nani alikuwa na wazo zuri namna hiyo, wanataka msimu wa pili ufanywe na mtu huyohuyo." Alikichovya kifuniko sikioni tena. "Jumamosi hao mashabiki wana hafla yao. Utakwenda. Watakupa kitu, sijui taji, sijui ndoo. Wewe utasimama utasema, 'Tulikusudia.' Neno moja. Halafu unakula keki."

"Nani alikusudia?"

"Studio."

"Studio haikusudii kitu, bwana. Studio ina milango na kiyoyozi kibovu."

"Basi wewe. Sema wewe ndiye uliyeliweka hilo a- kwa kalamu yako. Nani atakupinga? Mwalimu hayupo."

Bi Ngeli alisema angefikiri. Kwa kweli hakuwa na la kufikiri, kwa sababu hakuwahi kusema uongo juu ya ngeli. Alichotaka ni ushahidi. Angekwenda Jumamosi na skripti yenyewe, awaoneshe mashabiki makosa kumi na manne yaliyozungushiwa wekundu, na ujinga huo uishe.

Kabati la skripti lilikuwa kwenye korido ya choo. Ndani yake palinuka mavi ya panya na gundi kuukuu, na faili la sehemu ya kumi na moja lilikuwa limeng'atwa pembe. Alilipeleka mezani. Karatasi zilikuwa kama alivyoziacha, zimekunjwa katikati, nusu ya kulia juu, miduara yake myekundu imepauka kidogo. Akataka kutoa nakala kwenye mashine. Mashine ilikataa kuvuta karatasi yenye kunjo, ikaitafuna ya kwanza ikaitema imejikunyata. Kwa hiyo, kwa sababu ya mashine na si kwa sababu nyingine, Bi Ngeli alizikunjua zote akaanza kuzinyoosha kwa kiganja.

Ukurasa wa tisa. Nahodha anamdaka injinia mkono.

Lugha ya asili haina ngeli. Ina neno moja la kutajia kitu na neno jingine la kumtajia mtu, na mtoto wa shule huko kwao hayachanganyi. Kushoto, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa nane, kila aliyekitaja Kifagio alitumia neno la kitu. Katika mstari wa nne wa ukurasa wa tisa nahodha alitumia neno la mtu. Na pembeni, huko huko kushoto, kwa penseli, mwandiko wa ubaoni wa Mwalimu ulikuwa umeandika: *Tazama hapa. Si ajali. Tufuate.*

Bi Ngeli alitoa rula. Aliiweka chini ya kila mstari, kushoto kwenda kulia. Kushoto neno la mtu, kulia a-. Aliendelea hadi ukurasa wa mwisho. Kumi na nne kushoto, kumi na nne kulia. Alihesabu mara tatu, kisha akahesabu kuanzia mwisho kurudi mwanzo, maana alijua mtu akihesabu kwa kutarajia huona anachotarajia. Kumi na nne.

Kunjua, dada. Hakuwa ameomba huruma. Alikuwa akimpa maelekezo ya kazi.

Alikuwa kama mtu aliyegundua kwamba alichokitafuna kilikuwa na nywele na kwamba amekwisha kukimeza.

Alitafuta namba ya Mwalimu katika daftari la zamani. Hakupiga. Alijiambia kwamba akienda kwake mikono mitupu itakuwa maneno matupu. Kwanza jina lake lirudishwe mbele ya mashahidi, kisha ndipo ampigie awe na jambo la kumpa. Ilikuwa hoja nzuri. Ilimpa pia siku nne za kutosikia sauti yake.

Ukumbi wa Jumamosi ulikuwa wa shule, na viti vyake vilinata. Mlangoni alisimama mtu ndani ya pipa la bati, uso haukuonekana, akijikamua kwenye sakafu ute wa kijani uliotengenezwa kwa wanga na rangi ya keki. Mashabiki walichovya vidole humo wakajipaka paji la uso kabla ya kuingia. Watu wazima. Mmoja alikuwa na tai.

"Mama mkubwa, chovya," mpwa alisema.

"Nitakufa sijachovya."

Walianza kwa kutaja wengine walioenziwa. Jamaa mmoja mwenye miwani alimsifu mlinzi wa lango aliyekufa akipiga chafya katika sehemu ya pili, akaiigiza chafya yenyewe, na makamasi ya kweli yakamtoka. Wakampigia makofi. Mama mmoja fundi cherehani alisema mpishi wa chombo ana mkono. "Uangalieni ule mkono, jamani! Anakoroga kama mtu aliyezika." Wakasema naam, ni kweli, amezika. Walikuwa na macho makali, hilo Bi Ngeli alilikubali. Waliona vitu ambavyo yeye, aliyelipwa aone, hakuviona. Lakini walivyoona walivilamba. Hapakuwa na jambo ambalo hawakulitia mate.

Na katika sifa zote hizo, saa nzima, hakuna aliyeuliza nani aliandika.

Mkurugenzi aliketi mstari wa mbele na suti, akitabasamu kwa meno ya chini.

Bi Ngeli alipoitwa, alipanda na faili lake. Hakuwa na hotuba. Aliweka karatasi mbili juu ya meza, moja imekunjwa, nyingine imekunjuliwa, akasema:

"Kauli mnayoilia haikuwa yangu wala ya studio. Mimi niliizungushia wekundu. Niliandika ripoti kwamba ni kosa, na kwa ripoti hiyo mtafsiri alifukuzwa na jina lake likafutwa. Halikuwa kosa. Maneno ya asili yalikuwa hapa kushoto, nami nilikuwa nimeyakunja chini ili yasinisumbue. Sikuyasoma."

Akalitaja jina la Mwalimu, lote, taratibu, kama anayewasomea watoto imla, na akarudia mara ya pili ili lisikosewe tahajia.

"Lirudishwe kwenye sehemu zote kumi na moja. Hilo ndilo nililokuja kusema."

Alitarajia zomeo, au kiti kikisukumwa, au mpwa wake kuinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa hayo na aliyataka.

Fundi cherehani akaanza kulia.

"Uwiii," alisema. "Miaka yote hiyo na kalamu yake. Peke yake. Mnamwona? Mnamwona lakini?"

"Mhariri naye ni wa pembeni!" akapiga kelele mwenye miwani.

"Wa pem-be-ni! Wa pem-be-ni!"

Walisimama. Walipiga makofi mpaka vumbi likadondoka kwenye feni. Bi Ngeli aliinua mkono akasema, "Mmenisikia vibaya, nimesema nilimfukuzisha mtu," na hilo likawatia wazimu zaidi, kwa sababu mhusika aliyedharauliwa, kama alivyoeleza mpwa wake baadaye kwa furaha, ni lazima awe na dhambi. Pipa la bati lilipanda jukwaani. Mikono yenye ute ilimwekea kichwani taji lililofumwa kwa nywele za mifagio, na ute ukamteremka nyuma ya sikio, baridi, ukaingia kwenye kola.

Mkurugenzi alikuja kumshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na unyevu.

"Wewe ni jini," alimnong'oneza. "Hii ni tamu kuliko ile niliyokupa! Nimerekodi yote. Mpigie Mwalimu wako sasa hivi. Mwambie arudi, msimu wa pili wake, jina lake tutaliandika kubwa kuliko la nahodha. Nenda, nenda."

Aliutazama mkono wake ndani ya mkono ule. Kila kitu alichokuja kukipata alikuwa amekipata, na hapakuwa na hata chembe yake ambayo angeweza kuigusa bila kunawa.

Alitoka na simu hadi korido ya vyoo. Mtu alikuwa ametapika keki kwenye beseni. Keki ilikuwa ya kijani. Alisimama dirishani akageuzia pua nje, akapiga.

Alipokea mwanamke.

"Haloo?"

"Shikamoo, shemeji. Naomba kuongea na Mwalimu. Mimi ni mhariri wa kule studio."

"Marahaba. Subiri." Simu ilifunikwa kwa mkono, lakini vibaya. "Baba, kuna mtu wa studio anakutaka."

"Mtu gani?"

"Mhariri."

Sauti ya Mwalimu ilikuwa mbali, pengine chumba cha pili, lakini ilikuwa ile ya darasani, inayofika mstari wa mwisho bila kupandishwa.

"Huyo si mtu, mama watoto. Hicho ni kitu cha studio. Kiambie kimechelewa. Kisinipigie tena."

Mkono uliondoka kwenye simu. Yule mwanamke alikohoa.

"Dada, samahani," alisema. "Nimemwangalia. Naona... naona ametoka."

"Ahsante, shemeji. Mwambie studio wanamtaka arudi, na jina lake nimelisema mbele ya watu. Si lazima anijibu."

"Nitamwambia akirudi," alisema mwanamke, na akakata.

Bi Ngeli alibaki na simu sikioni. Ute ulikuwa umeanza kukauka na kumvuta ngozi ya shingo. Bila kutaka, kwa mazoea tu, aliipitia sentensi ile tangu mwanzo, kama alivyopitia sentensi zote kwa miaka kumi na tisa. Hicho, kitu, cha. Kiambie. Kimechelewa. Kisinipigie. Alitafuta mahali pa kuweka wekundu na hakupaona.

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa na kelele zikamwagika kwenye korido. Mpwa alichomoza kichwa, paji la uso limepakwa kijani, mashavu yamevimba kwa keki.

"Mama mkubwa! Wanauliza mhariri yuko wapi!"

"Waambie kinakuja," alisema Bi Ngeli.